Swali la Kwenye Pantoni

Saa moja na nusu asubuhi, upande wa Kigamboni. Pantoni limeshapakia watu, bajaji na magari, mlango umeshainuliwa, na bado haliondoki. Sisi wa kila siku hatuulizi sababu. Unageuza tu shingo kulia, upande wa bahari kuu, na kweli unaiona: meli ya makontena inaingia, tagi moja ikiivuta mbele, nyingine nyuma, na yenyewe imejaa mlango wa bandari mpaka unadhani itatukwangua.

Nilikuwa nimebanwa kati ya tenga la kuku na bodaboda. Juu ya tangi la ile bodaboda alikaa mtoto wa shule, darasa la pili au la tatu, mbele ya baba yake. Aliifuata meli kwa macho mpaka ilipokata kona kuelekea ndani, akauliza:

"Baba, hii bandari nani aliijenga?"

"Mjerumani," baba akajibu, macho kwenye simu.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Meli ikapita, pantoni likanguruma, tukavuka, kila mtu akakimbilia daladala yake. Lakini swali lile nimeshinda nalo wiki tano sasa. Jibu la yule baba nimeshalisamehe. Linalonisumbua ni jibu langu, lile nililotaka kumsahihisha nalo mbele ya mwanawe. Kila nikilirudia naliona linavuja.

Jibu la mfukoni

Ningemwambia: Mjerumani alikuta mji. Aliyeuanzisha ni Seyyid Majid.

Hayo tuliyakariri wote. Kijiji cha Mzizima, Majid Sultani wa Unguja, jina la Dar es Salaam, "bandari salama" (ambayo, tukitaka kuwa wabishi, ni tafsiri ya watu wa pwani wenyewe, *dar* ni nyumba, ni makao, wala si bandari). Wazo lilianza mwaka 1862 hivi, mawe yakaanza kupandana katikati ya miaka ya 1860, na Septemba 1867 makonseli wa nchi za Magharibi wakaletwa kutoka Unguja kula karamu katika mji ambao rangi yake haijakauka. Oktoba 1870 mwenye mji akafariki, hata miaka 40 hajafika.

Ambacho mwalimu hakutuuliza ni kwa nini. Mtu ana Unguja, ana jumba, ana forodha, ana karafuu. Anahamia porini kufanya nini?

Ukisoma mambo yaliyomzunguka unaanza kumwelewa. Mwaka 1859 mdogo wake, Barghash, alijaribu kumpindua, akaishia kupelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza kule India, aliamua kwamba Oman na Unguja zitengane, na Unguja ilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Ushuru wa forodha, ambao ndio uhai wa dola, ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Sewji, na Sultani mwenyewe alikuwa amezama kwenye deni la nyumba hiyo hiyo. Nje ya dirisha kuna makonseli, kila mmoja na ushauri wake.

Kwa wiki nzima nilimfikiria Majid kama yule ndugu tunayemjua sote, anayekopa fedha kujenga Chanika ili tu awe mbali na ukoo.

Pengine namwonea. Lakini picha hiyo ilinisaidia kuacha kumwona kama jina la kwenye mtihani.

Mbona hapakuwa na mji?

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Tunasema Dar es Salaam ina bandari ya asili nzuri kupindukia. Ni kweli. Mlango mwembamba, kona, kisha maji yanafunguka kama bakuli, yamekingwa pande zote, yana kina, na mikono ya bahari inaingia kusini mpaka kwenye mito ya Kizinga na Mzinga. Sawa. Watu wa mwambao huu wamekuwa mabaharia kwa zaidi ya miaka 1,000. Walijenga Kilwa. Walijenga Kaole, Kunduchi, Bagamoyo. Ina maana katika karne zote hizo hakuna nahodha aliyechungulia hapa Magogoni, mlangoni mwa bandari, akasema, jamani, hapa pazuri?

Hata Mzizima yenyewe haikuwa ndani ya bandari. Kijiji kilikuwa nje, upande wa hospitali ya Ocean Road, kikitazama bahari wazi. Wavuvi waliipa kisogo ile bandari nzuri kupindukia, wakaishi pale ngalawa inapoingia majini kirahisi.

Nilipata jibu Bagamoyo, nikiwa sijalitafuta. Nilikwenda kwa shughuli nyingine, nikakaa ufukweni kusubiri mtu. Maji yalikuwa yanakupwa. Jahazi moja lililokuwa linaelea nilipofika likaanza kugusa mchanga, likalala kiubavu taratibu kama ng'ombe anayejiandaa kucheua. Baada ya saa moja na kitu wanaume walikuwa wanalifuata kwa miguu, maji ya kifundo, wanashusha mzigo begani. Hakuna gati, hakuna winchi, hakuna mtu wa kulipwa kwa ajili ya kuegesha. Mwezi ndiye mfanyakazi wa bandari: anapandisha maji, anayashusha, na maji yakijaa tena chombo kinaondoka chenyewe.

Kumbe Bagamoyo haikuwa bandari mbovu. Kwa jahazi, ufukwe wa mteremko mdogo ndiyo bandari bora kuliko zote.

Na lile bakuli letu la Dar, kwa chombo cha matanga, lilikuwa kero. Fikiria nahodha wa merikebu kubwa anaingia pale Magogoni. Mfereji mwembamba, una kona, mkondo unavuta maji yakijaa na yakipwa, na upepo ukimgeukia hana nafasi ya kubisha, yaani kwenda kona kona dhidi ya upepo. Atapelekwa mwambani. Afadhali atie nanga nje na kushukuru Mungu.

Bandari ile ilikuwa inasubiri chombo ambacho hakijaja: chombo kisichoomba ruhusa ya upepo. Meli ya moshi inapenya mfereji kwa injini yake. Lakini nayo ina masharti. Haiwezi kulala juu ya mchanga kama jahazi. Inataka kina, na inataka kutulia. Kila siku inayokaa bila kazi inakula fedha. Bagamoyo ingetia nanga mbali kabisa na nchi kavu, mzigo ukafuatwa kwa mashua.

Kwa hiyo nikajikuta namheshimu Majid upya. Wakati anajenga, kule Misri mfereji wa Suez ulikuwa unachimbwa. Ulifunguliwa Novemba 1869, miezi 11 kabla ya kifo chake. Mwaka 1866 alinunua meli yenye matanga na injini ya mvuke pamoja. Ilijengwa Uskoti, ikatumika vitani chini ya bendera ya majimbo ya Kusini ya Marekani kwa jina la *Shenandoah*, ikiteketeza meli za Kaskazini, na mwisho ikauzwa. Majid akaiita *El Majidi*. Mtu anayenunua meli kama hiyo na katika mwaka huo huo anachonga mawe kando ya maji ya kina, kwa macho yangu, hakuwa amekimbia ukoo tu. Alikuwa ameona kitu.

Nilifurahi sana na ugunduzi huu. Nilimsimulia kila aliyenisogelea. Nilianza hata kuchelewa makusudi asubuhi nikitumaini kukutana tena na ile bodaboda.

Miaka 17 ya magugu

Kisha nikaja kwenye sehemu ambayo vitabu vya shule vinaruka.

Majid alipofariki, Barghash akakalia kiti, na ule mji wa kaka yake hakuutaka. Fedha zikarudi Unguja. Mafundi wakaondoka, mashamba ya minazi yakabaki, mitaa ikamea. Elton, makamu wa konseli wa Kiingereza, alipopita mwaka 1873, alikuta mji mchanga ulioanza kuzeeka: nyumba zinabomoka, nyasi zimeingia mlangoni.

Bahari nayo ikaleta kejeli yake. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilivunja mikarafuu, kilivunja nyumba, na kilivunja vyombo vilivyokuwa vimetia nanga mbele ya mji, mahali palipo wazi kwa pepo. *El Majidi* ilikuwemo, ikatupwa pwani. Meli ya marehemu iliharibiwa kwenye maegesho aliyotaka kuyahama.

Ungedhani baada ya hapo mtu angesema, tuhamie kwenye bakuli. Haikuwa hivyo. Misafara iliendelea kushuka Bagamoyo kama kawaida, kwa sababu njia ilikuwa inaelekea huko, maji ya kunywa njiani yanajulikana, wapagazi wana jamaa zao, wafanyabiashara wa Kihindi wana maduka yao, pembe za ndovu zina wanunuzi wake. Kina cha maji hakikuingia kwenye hesabu hizo.

Mwaka 1877 Waingereza wawili matajiri, Mackinnon na Buxton, walianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Mwaka 1881 wakaiacha, ziwa likiwa bado mamia ya kilomita mbele yao.

Bandari bila njia nyuma yake ni ziwa la chumvi tu. Hilo Majid hakuwahi kulitatua, na ndilo Mjerumani alilolitatua hatimaye. Alifika Mei 1887, kampuni kwanza, serikali baadaye, na jiwe la Sultani likawa boma lake. Ndiyo sababu mpaka leo tunaliita Boma la Kale. Mwaka 1891 alihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar, akaja kwa meli za moshi zilizokuwa zinahitaji kina kile kile. Mwaka 1905 akaanza reli kutokea hapa, na 1914 ikagusa Kigoma.

Basi yule baba wa bodaboda alikuwa na haki kiasi fulani.

(Na sasa Bagamoyo, kule Mbegani, ndiyo inayotajwa kila bandari kubwa mpya inapozungumzwa. Dunia ni duara. Ile mijadala ya bandari ya 2023 siigusi, nina wasomaji wa pande zote na ninawapenda.)

Babu na tishari

Wiki ya tatu nilimkumbuka babu, baba wa mama. Aliwahi kuwa kuli hapa Dar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nikiwa mdogo alikuwa akiniambia maneno ambayo sikuyaelewa: "Enzi zetu meli haikuja kwetu. Sisi ndio tulikwenda kwake."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Sasa naelewa kwamba alikuwa anasema kitu kilichotokea kweli. Gati za maji ya kina, ambako meli kubwa inaegemea ukutani na mzigo unashuka moja kwa moja, zilifunguliwa 1956. Kabla ya hapo, tangu Mjerumani mpaka Mwingereza, meli ilitia nanga katikati ya bandari. Matishari, vyombo bapa vya kubebea mzigo, yakaifuata, mzigo ukashushwa ndani ya tishari, tishari likavutwa mpaka kando, na hapo mzigo ukapanda begani mwa mtu. Robota la mkonge, kreti, pipa, chuma cha reli. Kila kitu kiliguswa mara mbili au tatu.

Babu alikuwa na bega moja chini kuliko jingine. Mama alisema alizaliwa hivyo. Shangazi anasema hapana.

Hao makuli waligoma 1939, wakagoma 1943, wakagoma 1947, na mara ile ya 1947 mgomo ulisambaa mbali nje ya bandari. Mtu akikuambia bandari ilijengwa na serikali fulani, muulize bandari ipi. Ya mawe au ya mabega?

Wazo hilo la mabega ndilo lililoniharibia jibu langu la mfukoni.

Matumbawe

Nilikwenda Boma la Kale, pale Sokoine Drive, mkabala na boti za Unguja. Nimepita pale maisha yangu yote nikikimbilia tiketi. Safari hii nikaingia.

Ukuta ni mnene, na mlango umechongwa kwa mtindo wa Unguja. Nyumba za namna hii vyumba vyake huwa vyembamba na virefu, na mwenye ndugu fundi wa mwambao anajua kwa nini: upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, haupiti hapo. Nikaweka kiganja ukutani. Mahali lipu ilipoachia unaona tumbawe lenyewe, lina vitundu vidogo vidogo, viumbe vya baharini vilivyogeuka jiwe.

Nikaanza kuhesabu kazi.

Mtu amekwenda mwambani maji yakiwa yamekupwa, akakata tumbawe. Mtu amelibeba. Mtu mwingine amekata magogo, akayapanga duara, akapandisha matumbawe juu yake, akawasha, na moto ukala usiku na mchana mpaka mawe yakawa chokaa. Mtu amekata boriti kwenye matope ya mikoko, mpaka kiunoni. Watu wamepanga mstari juu ya dari wakipiga sakafu kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, wakiimba ili mikono isipoteze mapigo. Mwingine amefyeka Mzizima na kupanda minazi ya Sultani.

Watu hao walikuwa watumwa.

Nilikuwa najua. Kila mtu anajua kwamba Unguja ya Majid iliendeshwa na watumwa. Lakini kujua ni jambo moja, na kuwa na chokaa yao kiganjani ni jambo jingine. Wiki tatu nilikuwa nampigia makofi mtu aliyeona mbali, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja alisimama juu ya nini alipokuwa anaona mbali. Hata ile meli yake, niliyoisimulia kwa furaha, ilikuwa imepigana upande wa wenye watumwa kabla ya kumfikia yeye.

Hapo ndipo niliposhukuru kwamba sikumsahihisha yule baba. Ningemwondoa Mjerumani mdomoni mwa mtoto, nikamwekea Sultani, na mtoto angeshuka pantoni akiamini kwamba bandari ni kitu kinachojengwa na mtu mmoja mwenye cheo.

Nikimkuta leo nitamwambia nini? Nimejaribu kutunga jibu la mtoto wa darasa la pili. "Walijenga watu wengi." Ni kweli, na ni jibu la kivivu, jibu la mwanasiasa. Watu wengi ndio akina nani? Jina la aliyefadhili karamu ya 1867 tunalo. La aliyepika karamu hiyo, la aliyebeba maji ya kunawa, la aliyekata tumbawe nililoligusa, sijalikuta popote.

Nyumba ya jirani

Nilitoka Boma nikiwa mzito, nikatembea kufuata Sokoine kuelekea upande wa kanisa la Azania. Njiani kuna nyumba nyingine ya zama zile, imejengwa na Majid, inasemekana kwa ajili ya mmoja wa wake zake. Mwaka 1922 wamisionari wa White Fathers waliinunua. Inaitwa Atiman House. Jina hilo nimelisoma mara mia nikiwa ndani ya daladala, bila kuuliza ni la nani.

Adrian Atiman alizaliwa huko Mali ya leo, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa. Wamisionari walimkomboa, akasomeshwa, akajifunza udaktari Malta. Akaja Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, na akatibu watu huko kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki 1956.

Mwaka ule ule zilipofunguliwa gati.

Nilisimama mbele ya jengo nikisoma ukutani kama mgeni. Muuza kahawa alikuwa ameweka birika lake kivulini, hatua chache kutoka mlangoni. Nikaagiza kikombe na kashata mbili.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "huyu Atiman alikuwa nani?"

Akatikisa makaa. "Si padri mmoja wa Kizungu? Mjerumani, nafikiri."

Safari hii sikufunga mdomo. Nilimwambia yote, vibaya vibaya, kwa haraka, nikichanganya Malta na Mali, nikionyesha Boma kwa kidole, nikarudi kwa Majid, nikaenda kwa watumwa, nikafika Karema. Wateja wawili walisogea kusikiliza. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikombe changu kitupu, akakisuuza, akaligeukia lile jengo kama mtu anayetazama nyumba ya jirani aliyedhani anamjua.

"Miaka 11 nakaa chini ya jina lake," akasema. "Mtumwa?"

"Mtumwa."

"Na hii nyumba, kaijenga nani?"

Nikaomba kikombe kingine.